Kinga au Tiba?

Nyie mnaonunua nyanya gengeni mkaondoka zenu, mna raha sana. Hamjui tu. Nyanya mnaikuta imekaa pale, nyekundu, imefutwa vumbi, imepangwa kwenye fungu, mnadhani imezaliwa hivyo. Kaeni hivyohivyo. Msiulize mambo. Mimi niliuliza.

Nilichouliza ni bei. Mvua za Mbeya mnazijua, na kama hamzijui shukuruni Mungu. Zinaanza Novemba, zinakwenda mpaka mtu unasahau jua linatokea upande gani, soksi za shule zinakaushiwa juu ya jiko la mkaa. Wakati huo nyanya inapanda cheo. Fungu la buku lina nyanya nne, na mojawapo imelazwa kwa ule upande mbovu usionekane. Nikamwambia dada wa genge, dada yangu, hii si dhuluma hii? Akacheka. Akasema, "Si ulime zako, kaka."

Basi nikaenda kulima. Mtu mzima na ndevu zangu, napigwa kijembe na muuza genge, nakichukua kama ushauri wa kitaalamu.

Nafasi ninayo, kipande nyuma ya nyumba, kati ya choo na ukuta wa jirani. Nikakusanya viroba, ndoo zilizopasuka, na karai moja ambalo kumbe mama watoto alikuwa bado analifulia. Mbegu nikanunua paketi imeandikwa Roma VF. Nikamweleza mama watoto kwamba VF ni "veri fresh". Akatingisha kichwa kwa heshima. Siku hizi ndiyo naambiwa kwamba V ni Verticillium na F ni Fusarium, magonjwa mawili ya mnyauko yanayokaa kwenye udongo, na mbegu hiyo imezaliwa na uwezo wa kuyahimili. Sawa. Ya udongoni. Na yanayokuja kwa upepo je? Paketi imenyamaza kimya.

Miche ikaota, jamani. Ikaota yote. Nikaipanda imebanana ipeane joto, si mnajua baridi ya huku. Habari za kuifungia kwenye miti isimame nikaona ni kuidekeza, nyanya ikitaka kusimama itasimama yenyewe. Majani ya chini yamelala kwenye udongo, nikayaacha yapumzike. Na kila jioni nikirudi kazini, mvua imenyesha haijanyesha, nachukua kopo nililolitoboa matundu, naimwagilia kuanzia utosini. Inang'aa matone matupu. Mimi naingia kulala kwenye blanketi, yenyewe inalala imelowa. Nikapiga picha nikaweka status: Mkulima wa Kisasa. Shemeji zangu wote wakaipa moyo.

Status inakaa saa 24. Minyanya yangu ilikaa zaidi ya hapo, lakini si kwa mbali sana.

Asubuhi moja mawingu yameshuka kutoka mlima Loleza yamelala mpaka juu ya bati. Natoka uani na mswaki mdomoni. Naona jani moja lina doa. Liko kwenye ncha, rangi ya maji ya chai, halafu limelowa, ukiligusa unadhani litakuachia mafuta kidoleni. Kuzunguka doa kuna ukingo wa kijani kilichopauka. Nikaligeuza jani. Upande wa chini, palepale doa linapoishia, kuna kaunyoya keupe, kembamba, kepesi, mtu unaweza hata kukapuliza.

Nikakapuliza. Kwa mdomo wangu, katikati ya miche yote. Pakabaki safi, nikaendelea na mswaki.

Wiki haijaisha kimeumana. Madoa kila jani. Mashina yakapigwa mabaka ya kahawia iliyoiva. Tunda la kwanza, lile nililokuwa nimeshalipangia kachumbari ya Jumapili, likapata baka begani, gumu, lina mabondemabonde, kijani kwa chini kahawia kwa juu. Na harufu. Ukipita kwenda chooni unajiuliza harufu inatokea upande upi.

Hapo sasa ndipo nilipogundua kwamba mtaa wetu una mabwana shamba wengi kuliko wizara. Bibi wa nyumba ya pili: "Mjukuu wangu, mwagia jivu." Nikamwagia. Jivu likakutana na manyunyu likageuka uji. Kijana wa bajaji: "Mwaisa, nunua rangi mbili famasi, fungua kidonge, koroga na maji." Eti nyanya inywe vidonge vya kikohozi. Nikanunua, nikakoroga, nikanywesha. Wapi. Mwalimu mmoja akasema maji ya mwarobaini. Mwarobaini Mbeya nautoa wapi, kwa baridi hii? Akasema ana shemeji Dodoma. Namsubiri huyo shemeji mpaka leo. Na kila mmoja wao akimaliza kushauri anaguna, anaangalia minyanya, anamalizia kwa neno lilelile: "Ila ungewahi."

Nikachuma jani nikalifunga kwenye kitambaa cha kamasi, nikadandia bajaji mpaka Mwanjelwa, duka la pembejeo. Watu foleni. Nikalifungua pale kaunta. Muuzaji akarudi nyuma hatua moja.

"Bakajani chelewa," akasema. "Kinga au tiba?"

"Tiba, ndugu yangu. Mgonjwa yuko hoi."

"Kinga ulipuliza lini?"

"Kinga ya nini tena? Zilikuwa haziumwi."

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja mwenye mfuko wa mbolea kichwani alicheka mpaka mbolea ikayumba.

Yule bwana akanieleza taratibu, kwa sauti ile ya kumweleza mtoto. Kwamba dawa nyingi za ukungu, hizi za kopa, hizi za mankozebu, zinakaa juu ya jani tu. Mbegu ya ugonjwa ikitua inakuta dawa iko mlangoni, inafia hapohapo. Ikishaingia ndani ya jani, dawa inabaki barazani haina kazi. Kwa hiyo unapuliza kabla. Jani likiwa zima. Mvua ikiosha unarudia, na mvua za huku zinaosha kila siku. Zipo dawa nyingine zinapenya mpaka ndani, nazo ukiziwahi zinasaidia, ila jani lililokwishakufa halifufuki, na shina likishakatika hesabu imefungwa.

Sasa hebu nisaidieni hapo. Dawa gani hiyo ambayo lazima uinywe wakati huumwi? Mimi kichwa kikiuma ndiyo nanunua panadol. Sijawahi kuamka mzima wa afya nikasema ngoja nimeze mbili, huenda Alhamisi kikauma. Na jina lenyewe hilo, chelewa! Limekuja hata kachumbari moja sijakata, linaitwa chelewa. Akaniambia lipo lingine, bakajani tangulia, hilo madoa yake yana duara ndani ya duara na linaanzia kwenye majani ya chini yaliyozeeka. Nikamwambia hilo basi, hilo nitalipokea siku nyingine.

Halafu akanimaliza kabisa. Akasema hata kuitwa kuvu ni mazoea tu, wataalamu wamelichunguza wakakuta ukoo wake uko karibu na mwani wa kahawia, ule wa baharini. Mwani! Kutoka hapa mpaka Dar ni kilomita 800 na ushee, na mwani umenifuata mpaka nyuma ya choo changu.

"Bomba unalo?" akauliza.

"Lipo, ila linatoka mara mbili kwa wiki."

Alikuwa anauliza bomba la kupulizia, lile la kubeba mgongoni. Foleni ikacheka tena. Nikapiga hesabu ya dawa, bomba, glovu na barakoa, nikaona kwa hela hiyo dada wa genge angeniletea nyanya nyumbani mpaka Krismasi, tena zimeoshwa. Nikanunua paketi moja ya kiberiti kusudi nisitoke mikono mitupu, nikaondoka.

Usiku sikulala. Nikawasha bando. Na ninyi nawashauri, mkiuguliwa na kitu msisome usiku. Kumbe huu ugonjwa wangu ni mkubwa, una historia, una majivuno. Ndio uleule ulioingia Ireland mwaka 1845 ukala viazi vya nchi nzima, na watu walikuwa wanakula viazi asubuhi, mchana na jioni. Watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yake, milioni nyingine wakapanda meli wakahama. Padri mmoja Mwingereza, Berkeley, mwaka 1846 akasema jamani hii ni kuvu ndiyo inayoua. Wakubwa wakamkatalia, wakasema viazi vinaoza kwa unyevu, kuvu inakuja tu kula msibani. Mpaka miaka ya 1860 ndipo Mjerumani de Bary alipoumaliza ubishi. Nikamwamsha mama watoto nimweleze kwamba tumevamiwa na kitu kilichowahi kuangusha nchi. Akaniuliza kama mlango wa uani nimefunga.

Nikasoma na hadithi ya Ufaransa. Hii ndiyo iliyoniponza. Wakulima wa zabibu kule Médoc walikuwa wanaibiwa na wapita njia. Wakachanganya mrututu na chokaa, wakarushia mizabibu ya pembeni mwa barabara, ikawa ya bluu ya kutisha, mwizi akiona anajua ni sumu. Mwaka 1882 profesa mmoja, Millardet, akapita pale. Mizabibu yote ya ndani imepukutika majani kwa ubwiri, hii ya barabarani iliyopakwa bluu imebaki na majani yake. Akaenda akafanya majaribio, 1885 akatangaza dawa. Yaani wezi wa Ufaransa wamechangia sayansi. Wetu huku wameiba koki ya bomba na ndala, hakuna ugunduzi wowote.

Mrututu naujua. Unauzwa sokoni kwa wale wazee wa dawa za asili, mawe ya bluu mazuri kuyaangalia. Chokaa ilikuwepo, ilibaki tulipopaka choo. Nikachukua sufuria kubwa, ile ya aluminiamu, ya wageni, ya pilau. Nikamwaga maji, nikatia mrututu, nikaenda kutafuta mti wa kukorogea. Nikarudi nikakuta sufuria inachemka bila moto. Povu. Vitu vya rangi ya senti ya zamani vinajishika kwenye kuta zake. Nikakoroga haraka, ndiyo ikazidi. Kwenye makaratasi, nilipoendelea kusoma ukurasa wa pili, wameandika mchanganyiko huo ufanyiwe kwenye chombo cha mbao au plastiki, maana mrututu unakula chuma na bati. Ukurasa wa pili! Jambo la kuokoa ndoa ya mtu mnaliweka ukurasa wa pili?

Sufuria ikatoka na vitundu. Ukiielekeza juani unaona nyota. Mikono yangu bluu, kola bluu, sikio moja bluu sijui ilifikaje. Nilipanda daladala kwenda kazini, abiria wa pembeni akahamia kiti cha nyuma. Minyanya nayo nikairushia hiyohiyo iliyobaki, kwa fagio la chelewa. Ikafa ikiwa ya bluu.

Sasa mngedhani yameisha. Ninalo na boga. Hili sikulipanda, lilijiotea lenyewe kwenye maganda, likapanda nguzo ya baraza likaingia chini ya bati, kwenye kivuli, mvua hailipati hata tone. Mama watoto ana mapenzi nalo, anachuma majani yake tunapika na karanga. Nikajisemea huyu angalau yuko pakavu. Nyanya zimeuawa na maji, boga liko salama.

Majani yakaanza kuwa meupe. Kwa juu safari hii. Unga, unga kabisa, unapitisha kidole unaacha njia. Nikamtafuta yule bwana wa Mwanjelwa kwa simu. Akasema huo ni ubwiri unga, ndio unapenda palepale pakavu, kwenye kivuli, pasipo na hewa ya kupita. Hauhitaji jani liwe limelowa. Maji tena unayachukia, mvua ikilipiga jani inauosha.

Nikakata simu nikakaa chini. Huyu anakufa kwa kulowa, huyu anaugua kwa kutolowa, na wote wako kwa mtu mmoja, kwenye uwanja mmoja, hatua tatu kutoka hapa mpaka pale. Mimi nifanye nini? Niinyeshee mvua baraza?

Dawa yake nikaipata kwenye bando lilelile. Mbrazili mmoja, Bettiol, mwaka 1999 alipulizia maziwa ya ng'ombe kwenye mimea ya jamii ya maboga, maziwa sehemu moja maji sehemu tisa, ubwiri ukapungua vizuri tu. Maziwa! Hayali sufuria, hayapaki mtu bluu. Nikatafuta chupa ya kupulizia, ile ya kusafishia vioo, nikaiosha. Asubuhi jua likichungulia natoka, napulizia juu na chini ya majani, navuta pumzi ndefu ya mtu mwenye akili.

Watoto wako mezani wanakunywa chai ya rangi.

Hilo sikuliona mpaka yule mdogo alipotoka na kikombe chake, akasimama mlangoni, akaniangalia, akaliangalia boga. Akaita kwa sauti iliyofika barabarani: "Mama! Kumbe maziwa yapo, anakunywa boga!" Na kibaya zaidi yakafanya kazi. Majani ya zamani yalibaki na makovu, lakini mapya yakaja safi, mapana. Siwezi hata kulalamika kwa raha. Paka wa mtaa mzima wakahamia barazani, hilo tu.

Halafu nikaitwa kwa mjumbe.

Mshitaki ni jirani wa ukuta. Mzee wa viazi. Shamba lake la viazi mviringo limeanguka lote, mashina meusi, harufu mpaka kwangu. Anadai ugonjwa umeruka ukuta ukitokea uani kwangu. Amekuja na jani kwenye mfuko, kielelezo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiangalia pembeni. Akaeleza kwamba minyanya yangu ilipokufa niliing'oa nikairundika kwenye ukuta wake. Ni kweli. Upande ule una upepo mzuri, nilitaka ikauke.

"Upepo ndio ninaousema," akasema mzee.

Bwana shamba wa kata naye alikuwepo, ameketi na buti zake za mvua. Akasema nyanya na viazi ni ukoo mmoja na ugonjwa wao huu ni uleule mmoja, unasafiri kwa upepo na matone, na mabaki yake yanafukiwa, hayarundikwi. Watu wakanigeukia. Nikajikunyata. Halafu akamgeukia mzee. "Na wewe baba, mbegu ya viazi uliitoa wapi?"

Mzee akakohoa. Akasema alichambua vile vidogovidogo vilivyobaki kwenye lumbesa la msimu uliopita.

"Vilikuwa na mabaka kwa ndani? Kahawia hivi?"

"Kidogo."

Bwana shamba akasema basi, ugonjwa huu unalala ndani ya kiazi kibovu unasubiri mvua, ukiota nacho unaota. Inawezekana umetoka kwa mzee kuja kwa kijana, si kwa kijana kwenda kwa mzee. Nikasimama. Sikuwahi kusimama mbele za watu nikiwa na kesi nzuri. Nikadai fidia ya minyanya, sufuria ya pilau na karai. Mjumbe akaniambia nikae. Akaamua kila mtu achimbe shimo kwake, afukie vya kwake, mzee asipande viazi wala mimi nisipande nyanya palepale msimu ujao, na tusalimiane. Tukasalimiana. Mzee akauliza mbona sikio langu moja la bluu.

Watu wakaanza kutawanyika. Mjumbe akafunga daftari, akanivuta kando ya mlango, akashusha sauti.

"Kijana wangu, nasikia una mchanganyiko wa maziwa. Maboga ya nyumbani yamepigwa unga, bibi yako hanipi amani."

Jamani. Mimi. Naulizwa mimi. Nikarekebisha kola. Nikamwambia mzee wangu, kikombe kimoja cha maziwa, vikombe tisa vya maji, unapulizia asubuhi jua likianza kuwaka, mpaka chini ya jani, kila wiki usikose.

Akatingisha kichwa, akaandika kwenye jalada la daftari. "Maziwa ya namna gani sasa? Fresh, au haya ya paketi?"

Nikafungua mdomo nijibu, mama watoto akaniwahi kutoka kwenye benchi.

"Ya watoto."